Wasomaji Wanauliza: Picha Moja Kila Siku

Katika toleo lililopita niliwaomba wasomaji wanaopiga picha moja kila siku, au wanaotamani kuanza, waniandikie yanayowatatiza. Barua zimekuja nyingi, na jambo lililonigusa ni kwamba chache mno ziliuliza habari za kamera. Nyingi ziliuliza habari za moyo, za familia, za uchovu na za msiba. Nimechagua nane, nimezifupisha pale zilipokuwa ndefu, na majina ya walioziandika nimeyahifadhi. Mimi mwenyewe niko katika mwaka wa 11 wa mazoea haya, na ninajibu nikiwa nimezifungua picha zangu mbele yangu, nzuri na mbaya.

SWALI: Nimefikisha siku ya 121. Ninatoka nyumbani, ninakwenda kazini, ninarudi nyumbani. Meza yangu nimeshaipiga picha, kikombe nimekipiga, dirisha, viatu, paka wa jirani, vyote nimevimaliza. Sasa ninapiga ili mradi siku ipite. Je, hii si dalili kwamba sina kipaji na afadhali niache?

JIBU: Ndugu yangu, usiache. Ulichokimaliza ni orodha ya vitu, na kuimaliza orodha hiyo ndiko kunakokufikisha mlangoni pa kazi yenyewe. Katika miezi ya mwanzo kila mmoja wetu hupiga picha za majina: hiki ni kikombe, hili ni dirisha, huyu ni paka. Kitu kikishapata picha yake tunakihesabu kuwa kimekwisha, kama mtu aliyesalimiana na jirani mara moja akadhani ameshamfahamu. Majina yakiisha, ndipo jicho linapolazimika kuuliza mambo mengine: leo mwanga umeingia kutoka wapi, kikombe hiki kimeachwa hapa na nani, mbona kiti kimesogezwa.

Mpiga picha Josef Sudek, aliyepoteza mkono wake wa kulia kwa jeraha la Vita vya Kwanza vya Dunia, alianza mwaka 1940 kupiga picha za dirisha la studio yake mjini Prague, na akaendelea na dirisha hilo hilo hadi mwaka 1954. Mwanzoni mwa miaka hiyo mji ulikuwa umekaliwa na majeshi ya Ujerumani na haikuwa rahisi kuzunguka barabarani na kamera, kwa hiyo aligeukia kioo chake mwenyewe: kioo chenye ukungu, chenye matone, chenye barafu, na nyuma yake mti uliopinda. Kwa kipimo chako, Sudek alikuwa amemaliza kila kitu ndani ya wiki ya kwanza. Hata hivyo miaka 14 ya kioo kimoja imezaa picha ambazo mimi huzirudia kila ninapohisi nimekauka. Na tukirudi nyuma zaidi, ile picha ya Nicéphore Niépce ya mwaka 1826 au 1827, ambayo ndiyo ya kale kabisa iliyosalia miongoni mwa picha za kamera, inaonyesha mapaa na kuta alizoziona kutoka dirisha la ghorofani nyumbani kwake huko Ufaransa. Hakwenda popote kuitafuta.

Nakupa zoezi nililolifanya katika mwaka wangu wa pili, nilipokwama kama wewe. Chagua kitu kimoja kisicho na mvuto wowote, kipige kwa siku 7 mfululizo, na usiruhusu picha mbili zifanane. Mimi nilichagua kitasa cha mlango wa jikoni. Siku mbili za kwanza nilikasirika. Siku ya tatu nilisogea karibu mno hata picha ikawa ukungu mtupu, nikarudi nyuma kidogo, na hapo nikaona kwamba rangi ya kitasa imelika mahali pamoja tu, penye umbo la kidole gumba, na kidole hicho kilikuwa kidogo kuliko changu. Siku ya tano, saa moja na dakika kumi asubuhi, mwanga ulipenya tundu la ufunguo ukatua sakafuni, doa lenye ukubwa wa ukucha, na kwa muda wa dakika nne hivi likatambaa kutoka kigae kimoja hadi cha pili, kisha likazimika. Nilikuwa nimeishi katika nyumba ile miaka 6 na sikuwa nimewahi kuliona.

Kwa upande wa ufundi sina mengi: zima taa ya kamera, gusa kioo cha simu pale penye mwanga mkali kabla ya kupiga ili vivuli vibaki kuwa vivuli, na usogee kwa miguu badala ya kuvuta picha kwa vidole. Siku ambayo kweli huna nguvu, piga hiyo ya ili mradi siku ipite, uende ukalale. Nayo ni picha ya siku hiyo.

SWALI: Mnasema mazoea haya humkuza mtu. Mimi ni mhasibu na nimezoea kuona risiti. Nionyesheni kitu kimoja alichokipata mtu ambacho asingekipata kwa kulala mapema.

JIBU: Ni haki yako kudai. Nitakuonyesha changu, ingawa si kitu cha kujivunia.

Katika mwaka wangu wa nne marehemu baba yangu alikuwa akiishi nami. Asubuhi alikuwa akivua kandambili zake mlangoni anaporudi kutoka kunyoosha miguu, na kwa kuwa mwanga wa pale mlangoni ulikuwa mzuri, na kwa kuwa mimi nilikuwa mvivu, nilizipiga picha kandambili zile mara nyingi. Miaka miwili baadaye, nilipokuwa nikizipanga picha zangu, nilizikusanya zote 19 nikazitazama moja baada ya nyingine. Katika zile za mwanzo kandambili ziko katikati ya njia, hatua moja nzima kutoka ukutani, na nyayo zake zimelika sawasawa. Kuanzia ya saba zinasogea. Kufikia ya kumi na mbili zimebanwa kabisa na ukuta, ya kulia imelika upande wa nje hadi mpira umekuwa mwembamba kama karatasi, na juu yake, usawa wa kiuno, rangi nyeupe ya ukuta ina doa la kijivu lenye upana wa kiganja. Baba alikuwa anaegemea ukuta ili avue viatu. Nyonga ilikuwa inamuuma, na alituambia karibu mwaka mzima baada ya picha ya saba. Katika muda wote huo nilikuwa nikisimama pale pale, na kamera mkononi, nikipima mwanga.

Hilo ndilo nililolipata, ndugu mhasibu. Nilipata ushahidi wa maandishi, kwa lugha ya kazi yako, kwamba nilikuwa ninatazama bila kuona. Hakuna mtu angeniambia jambo hilo nikamwamini. Nisingemsadiki hata baba mwenyewe. Tangu siku ile nina desturi ya kuzifunga hesabu kila mwisho wa mwezi: ninazitandaza picha zote 30 au 31 mezani, ninajiuliza kuna nini humu ambacho sikukiona nilipokuwa ninapiga, na nikikipata ninakwenda kumuuliza mhusika. Nimewahi kumuuliza mfanyakazi mwenzangu kwa nini katika picha tatu za mwezi mmoja anakaa peke yake, na jibu lake lilitufanya tuwe marafiki hadi leo. Mtu niliyekuwa kabla ya kandambili asingeuliza.

Yako na mengine ambayo huja polepole zaidi. Mtu anayelazimika kuchagua picha moja kati ya mambo yote ya siku hujifunza kukata shauri, na anayetaka kumpiga picha asiyemfahamu hujifunza kuomba ruhusa na kukubali kukataliwa bila kinyongo. Watafiti wawili wa Uingereza, Liz Brewster na Andrew Cox, walichapisha mwaka 2018 utafiti uliowahoji watu wachache wanaopiga picha moja kwa siku, na walieleza kwamba watu hao waliyaona mazoea hayo kama njia ya kujitunza: yaliwapa sababu ya kusimama kidogo katikati ya kazi, ya kutoka nje, na ya kuwasiliana na wengine. Ni utafiti mdogo, lakini unafanana sana na barua ninazozipokea.

SWALI: Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku. Niliugua, siku tisa sikupiga picha, na nilipopata nafuu nilikuta moyo umevunjika, kana kwamba siku 200 nilizozikusanya zimemwagika. Je, ninaweza kupiga picha tisa leo nikazipa tarehe za nyuma? Na siku yangu inaanza saa ngapi hasa, maana saa sita za usiku ninakuwa kazini?

JIBU: Dada, pole kwa kuugua. Tarehe za nyuma usiziguse. Thamani yote ya kazi yako iko katika neno moja, nalo ni kweli. Ukiingiza picha tisa za uongo, utaanza kuzitilia shaka hata zile 200. Ziache siku tisa zikiwa tupu. Miaka mitano ijayo utakapopita pale, ule utupu utakukumbusha kitanda, homa na aliyekuletea maji, kwa ukamilifu ambao picha ya kubandika isingeuweza.

Wala hauko peke yako. Karl Baden wa Marekani alianza tarehe 23 Februari 1987 kupiga picha ya uso wake kila siku, na ameendelea kwa miongo kadhaa kwa nidhamu ya ajabu. Hata yeye ana siku moja aliyoikosa, mwaka 1991, na hakuifunika. Msanii Tehching Hsieh aliishi mjini New York kwa mwaka mzima, kuanzia Aprili 1980, akigonga saa ya mahudhurio kila saa, usiku na mchana, na kila akigonga alipiga fremu moja ya filamu. Katika mara 8,760 alizopaswa kugonga, alikosa 133, akaziorodhesha wazi pamoja na sababu zake, nyingi zikiwa ni usingizi. Orodha hiyo ya alizozikosa ni sehemu ya kazi yenyewe.

Kuhusu mazoea kumwagika, Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya ya kila siku, na katika matokeo yao ya mwaka 2010 walionyesha kwamba tabia ilichukua wastani wa siku 66 kuota mizizi, baadhi ya watu siku 18 tu na wengine hata 254, na kwamba kukosa siku moja hakukuiharibu. Tisa ni nyingi kuliko moja, ni kweli, lakini wewe ulikuwa na siku 200 nyuma yako na sababu isiyo na lawama. Kinachoua mazoea, kwa niliyoyaona, ni aibu ya kurudi.

Siku yako inakwisha unapolala, hata kama ni saa nne asubuhi. Na kwa kuwa wewe ni muuguzi, niruhusu niseme jambo ambalo huenda unalijua vizuri kuliko mimi: mgonjwa asiingie katika picha zako, hata mkono wake, hata jina lake kwenye karatasi iliyo nyuma. Viatu vyako mwisho wa zamu, chai iliyopoa kabla hujainywa, korido wakati taa zinazimwa alfajiri, hivyo vinatosha kabisa.

SWALI: Binti yangu wa miaka 7 ameniambia, "Baba, wewe unaniangalia kwa simu tu." Nilikuwa ninaamini kwamba ninamhifadhia kumbukumbu. Sasa sijui.

JIBU: Mtoto amesema kweli, na umefanya vizuri kumsikiliza. Mwanasaikolojia Linda Henkel wa Marekani aliwapeleka wanafunzi katika jumba la makumbusho, akawaambia vitu fulani wavipige picha na vingine wavitazame tu. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2014, walivikumbuka kwa udhaifu zaidi vile walivyovipiga picha. Ni kana kwamba ubongo ulikuwa umemwachia kamera kazi yake. Lakini kulikuwa na jambo la pili ambalo watu husahau kulisimulia: wale waliovuta kamera karibu, wakapiga sehemu moja tu ya kitu, kumbukumbu yao haikupungua, hata kwa sehemu ambazo hazikuwemo katika fremu. Aliyelazimika kuchagua alilazimika pia kutazama.

Kwa hiyo usimpige picha binti yako mzima mzima mara 40. Cheza naye kwanza, simu ikiwa chumba kingine. Mchezo ukiisha, jiulize ni kitu gani kimoja kimekugusa: goti lenye vumbi, namna anavyoshika penseli, utepe wa nywele uliobaki kwenye kochi baada ya yeye kuondoka. Piga hicho, mara moja, uweke simu mfukoni. Akisema hataki, basi hataki, na usibembeleze. Siku moja moja mpe kamera akupige wewe. Nina picha yangu iliyopigwa na mtoto kutoka chini, sehemu kubwa ni matundu ya pua na dari, na imenifundisha jinsi ninavyoonekana ninapokuwa ninazungumza na mtu mdogo bila kuinama.

SWALI: Nina miaka 19. Nimeweka picha mtandaoni kila siku kwa miezi 8. Nikipata alama nyingi za kupenda ninafurahi, nikikosa ninaona picha ni mbaya na ninaifuta. Siku hizi ninajikuta ninapiga machweo tu kwa sababu ndiyo yanayopendwa. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, machweo hayana kosa lolote, na barua yako inaonyesha kwamba umeshaliona tatizo kabla yangu. Picha umezikabidhi kwa watu wazipime kabla hujazipima mwenyewe. Alixandra Barasch na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba mtu anayepiga picha kwa nia ya kuwaonyesha wengine mtandaoni huifurahia siku yake kidogo kuliko anayepiga ili azitunze mwenyewe, kwa sababu wakati wote anawaza ataonekanaje. Wewe umeyajua hayo bila maabara.

Ninakushauri mambo mawili tu. La kwanza, usifute. Picha nyingi ninazozipenda leo katika folda zangu ni zile nilizozionea haya siku ile ile. La pili, weka umbali wa siku 30 kati ya kupiga na kuonyesha, yaani picha ya leo isitoke hadi mwezi ujao. Garry Winogrand, mpiga picha maarufu wa mitaani wa Marekani, alikuwa na mazoea ya kukaa mwaka au zaidi bila kuisafisha mikanda aliyoipiga, ili furaha au hasira ya siku ile isimdanganye kwamba picha ni nzuri. Alipofariki mwaka 1984 aliacha mikanda ipatayo 2,500 ambayo haikuwahi kusafishwa, na hapo alivuka mpaka; kuchelewa nako kuna kiasi. Kwako mwezi mmoja unatosha. Ukizoea, utaona kwamba machweo yamepungua yenyewe, na pengine umebakiza matatu uliyosimama kweli kuyatazama.

Kuonyesha watu si dhambi. Kama una marafiki watatu au wanne wanaopiga kila siku kama wewe, tumianeni, na muulizane maswali kuhusu picha badala ya kuzipa alama.

SWALI: Nianze na simu niliyonayo au nisubiri ninunue kamera nzuri?

JIBU: Anza na simu, leo, kabla hujalala. Kamera ya mazoea haya ni ile iliyoko mfukoni mwako saa unapoihitaji, na baada ya mwaka mmoja picha zako zenyewe zitakwambia kama zinadai zaidi. Nimewaona watu wakisubiri kamera kwa miaka 3; miaka hiyo haina picha.

SWALI: Simu yangu imepotea na picha za siku 500 zimekwenda nayo. Nimeanza upya, lakini kwa woga. Ninawezaje kuzilinda?

JIBU: Pole sana. Nililia kwa picha 60. Za kwako 500 sijui ningefanyaje. Kanuni wanayoifuata wapiga picha wengi ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mbali na nyumba yako. Kwa mtu wa kawaida maana yake ni simu, diski ya nje, na hifadhi ya mtandaoni. Mzigo wenyewe si mkubwa: picha ya simu yenye megabaiti 4 kwa siku, mwaka mzima haifiki gigabaiti 1.5, na miaka 10 inaenea katika kijiti kidogo cha kumbukumbu. Chagua siku moja ya juma iwe ya kunakili, na usiitegemee programu ifanye peke yake bila kuikagua.

Ipe kila faili jina la tarehe kwa utaratibu wa mwaka, mwezi, siku, kama 2025-03-17, na kompyuta yoyote itazipanga kwa mfuatano bila msaada wako. Usizihifadhi kwa kujitumia katika programu za ujumbe, kwa maana nyingi huibana picha na kuifutia tarehe iliyofichwa ndani yake. Kisha uchapishe kwenye karatasi walau picha 12 kwa mwaka, moja ya kila mwezi, na umwonyeshe mtu unayemwamini zilipo zote.

Hilo la mwisho ninalisisitiza kwa sababu ya Jamie Livingston. Kijana huyu wa Marekani alianza tarehe 31 Machi 1979 kupiga picha moja kwa siku kwa kamera ya Polaroid, ile inayoitoa picha hapo hapo, na aliendelea kupitia kazi, urafiki, na hatimaye saratani, hadi tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki, ambayo pia ilikuwa siku yake ya kutimiza miaka 41. Ni picha zaidi ya 6,600. Marafiki zake ndio walioziweka pamoja na kuzionyesha hadharani mwaka 2007, katika chuo alichosoma. Waliweza kwa sababu zilikuwa ni karatasi, zina tarehe, na wao walijua zilipo.

SWALI: Mimi ni mstaafu. Kwa miaka minne na ushee nilikuwa nikimpiga picha mke wangu kila jioni, yeye akiwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Amefariki. Wiki sita sasa sijaigusa kamera. Watoto wengine wananiambia niendelee, wengine wanasema nitafute jambo jipya. Kila nikiinua kamera ninakiona kiti. Nifanye nini?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na pole sana kwa msiba huu mzito. Barua yako niliisoma mara tatu kabla ya kuthubutu kuandika neno.

Mpiga picha André Kertész alifiwa na mkewe, Elizabeth, mwaka 1977, yeye akiwa amepita miaka 80. Walikuwa wakiishi juu katika jengo refu mjini New York, na kwa muda alikuwa amepoteza kabisa hamu ya kazi. Kisha akaona dukani sanamu ndogo ya kioo, kichwa na mabega tu, na mkunjo wa shingo na bega ulimkumbusha mkewe. Aliinunua, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha, akaanza kuipiga picha kwa kamera ndogo ya Polaroid: asubuhi ikiwa na anga nyuma yake, jioni ikiwa imebeba majengo kichwa chini ndani ya kioo. Alifanya hivyo kwa muda mrefu, na mwaka 1981 picha hizo zikawa kitabu alichokitoa kwa kumbukumbu ya mkewe. Hakumaliza huzuni kwa kazi ile. Aliipa mahali pa kukaa, pale dirishani, ambapo angeweza kuitazama kila siku kwa saa aliyoichagua mwenyewe.

Watoto wako wa makundi yote mawili wanakupenda, na hakuna haja ya kuwatii upesi. Wiki sita ni chache. Ukiona huwezi, kamera ikae kabatini, na hakuna mtu atakayekuhesabia siku. Utakapoweza, tumia folda ile ile, ukiacha wiki hizi tupu kama nilivyomwambia dada muuguzi hapo juu, kwa sababu ni maisha yale yale yanayoendelea na yeye bado yumo ndani yake.

Kuhusu kiti, nina wazo moja ambalo ninakuomba ulipokee kama ushauri wa mtoto kwa mzazi, ukiliona halifai uliache. Katika jioni zote zile, miaka minne na zaidi, ulisimama upande wako ukapiga kuelekea kwake. Picha zote ulizonazo zinaonyesha ulichokiona wewe. Jioni moja, saa ile ile mliyoizoea, nenda ukaketi kwenye kiti chake, uegemee alivyokuwa akiegemea, na uipige picha ile sehemu ya chumba aliyokuwa akiitazama yeye wakati wewe umeinua kamera: mlango, meza, na mahali ulipokuwa umesimama.